Mikorosho ya Shimo la Kumi

Sentensi iliyoninyima usingizi ilikuwa fupi, na niliiandika mwenyewe: "Eneo halina watu wala mali ya watu." Maneno saba. Nilipoiandika niliiona safi, kama jibu la mtihani. Baada ya Jumamosi moja nikaanza kujiuliza kama ni ya kweli. Usiku uliofuata nikajiuliza kama nilijua si ya kweli wakati naiandika, na swali hilo lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu aliyekosea husahihishwa, lakini aliyedanganya hufukuzwa. Ripoti yenye sentensi hiyo ilikuwa imeshapigwa chapa. Ijumaa ingeondoka Kibaha kwenda Dar es Salaam, na ikishafika huko miti ya watu ingekatwa kwa idhini yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka mmoja hivi baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa afisa mipango msaidizi, nina miezi saba kazini, bado niko kwenye muda wa majaribio. Chuo kikuu nilisoma uchumi, na mwaka wa mwisho niliandika insha ndefu ya kupinga utalii. Nilisema taifa lililojikomboa haliwezi kujifunza tena kubeba mizigo ya wageni. Mwalimu aliisifu. Kisha nikaajiriwa, nikapewa jalada la kwanza la kushughulikia, nalo lilikuwa la uwanja wa gofu.

Uwanja wenyewe ulikuwa upande wa Kisarawe, ukishika barabara ya vumbi kutoka Kiluvya, kwenye vilima vyenye upepo. Ulianza kama kichekesho. Wageni waliofikia hoteli za ufukweni Dar walikuwa na siku moja au mbili za kungoja safari ya mbugani, hawana la kufanya ila kuungua jua. Mtu mmoja wizarani akafikiri wapewe gofu. Mwanzoni basi dogo lilikuja mara moja kwa wiki mbili. Baadaye likaja kila Jumamosi, kisha yakaja mawili. Banda la makuti likawa nyumba yenye baraza na friji la mafuta ya taa. Wanawake wa karibu wakaanza kuuza machungwa, mananasi na mikeka. Nyasi za kunyweshewa hazikuwapo, hivyo pale penye shimo paliwekwa mchanga kutoka Ruvu, ukamwagiwa oili chafu ya magari na kushindiliwa kwa pipa mpaka mpira ukaweza kubiringika juu yake bila kuzama. Wageni waliupenda mchanga ule mweusi. Waliupiga picha kuliko walivyopiga picha watu.

Yote hayo yalikuwa kwenye mashimo tisa. Sasa ikaja amri ya kuongeza mengine tisa.

"Mgeni wa gofu wa kweli haridhiki na tisa," alinieleza mkuu wa ofisi yetu. Alikuwa mwalimu zamani, mtu wa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka magotini, na alizungumza na mimi kama mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. "Tusipompa kumi na nane atakwenda nchi jirani. Najua insha yako, niliambiwa. Lakini fedha ya kigeni, kijana, ndiyo vipuri vya matrekta na dawa za hospitali. Haioti kwenye muhogo."

Nikaandika maneno yake kwenye daftari. Hoja za insha nikaziacha, maana kubishana na mkuu mwezi wa saba ni kutafuta mwezi wa nane nyumbani.

Nilipelekwa kukagua eneo pamoja na mpima ardhi wa ofisi, mtu mzima mwenye kitambi na utani usiokwisha, ambaye hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita msomi. Eneo lililotakiwa lilipakana na shimo la tisa. Lilikuwa mahame: kijiji cha zamani ambacho watu wake walihamishwa wote siku mbili, wakapelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Kuta za udongo zilikuwa zimeanguka na kugeuka vilima vidogo vya nyasi. Mikorosho ilisimama kila mahali, mingine matawi yake yamelala chini kama ng'ombe waliochoka, na minazi michache kati yake.

"Na hii mikorosho?" niliuliza.

"Imeachwa," alisema mpimaji, akivuta mnyororo wake wa kupimia. "Msomi, usifikiri sana. Utaota mvi kabla hujaoa."

Jioni ile tukaenda kijiji kipya, mwenyekiti akakusanya watu. Nilikuwa na fomu yenye maswali matatu, nikayasoma kwa sauti. Ardhi ya mahame ni ya nani? Watu wakajibu kwa pamoja, bila kutazamana: ya serikali. Kuna mtu anaishi kule? Hakuna. Kuna nyumba? Zimeanguka. Nikashukuru, wakashukuru, mwenyekiti akafunga mkutano. Niliondoka nikijisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kwamba watanizomea.

Kwenye rasimu niliandika "vichaka na miti iliyoachwa." Mkuu aliposoma akakata maneno matatu ya mwisho. "Miti iliyoachwa ni kichaka," alisema. "Punguza maneno." Nikapunguza, na badala yake nikaandika ile sentensi ya maneno saba. Siwezi kusema niliipunguza bila kujua. Kalamu yangu ilisita kidogo, nikaiona ikisita, nikaandika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani peke yangu, kwa hiari. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuwasikiliza wageni ili niongeze aya moja kwenye ripoti. Mgeni mmoja mzee mwenye kofia ya nyasi alipiga mpira kwenye shimo la tisa, ukapaa kupita kiasi, ukaingia kwenye mahame. Aliyekuwa akimbebea fimbo akaingia kuutafuta. Akakaa sana. Alipotoka, nyuma yake alitoka mwanamke wa makamo mwenye kapu kichwani na khanga yenye madoa ya kahawia ya maji ya bibo, tunda la mkorosho, yale ambayo hayatoki hata ufue na nini. Mpira alikuwa nao yeye mkononi. Hakumpa mbeba fimbo. Alitembea nao mpaka kwa mgeni, akamkabidhi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akageuka kurudi alikotoka.

Nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakusimama. "Wewe si ndiye uliyekuja na mwenye mnyororo?"

"Ndimi, mama."

"Mtu wa wapi?"

Nikamwambia Tabora. Hapo akasimama, akanitazama kuanzia viatu.

"Mnyamwezi. Ndiyo maana. Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, hawakuyumba. Wewe umepewa karatasi tu na inakulemea."

Alikuwa Mzaramo, mtani wangu kwa mila, na mtani asipojibiwa huona amedharauliwa. "Babu zangu walibeba pembe za ndovu," nikasema. "Nyie mlikaa njiani mkiwauzia maji."

"Na ya chumvi," alisema. "Wakanywa, wakasema asante." Akacheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Haya, mtani. Niambie mtakata lini."

"Kukata nini?"

Alionyesha mkorosho wa karibu. Mpimaji alikuwa ameufunga kitambaa chekundu, alama yake ya mahali shimo la kumi litakapoanzia.

"Nauliza kwa sababu korosho ndiyo kwanza zinaanza kuanguka," alisema. "Kama mnakata mwezi huu, nijue. Mimi sina kingine cha kuwavisha watoto. Kule tulikopelekwa nimepanda miche, lakini mche ni mche."

"Hii miti ni yako?"

Alinitazama kama nimemwuliza kama mguu aliosimamia ni wake. Kisha akaweka kapu chini, akaanza kunionyesha kwa kidole, bila haraka. Huu ni wangu, na huu, na ule uliolala. Ule wenye kichuguu ni wa shemeji yangu. Minazi ile miwili ni ya bibi mmoja asiyeona, sisi ndio tunaomwangulia. Ule pale aliupanda mtu aliyehamia Mzenga, amemwachia dada yake. Alikwenda hivyo mti kwa mti, na hapakuwa na mti mmoja usio na mtu nyuma yake. Mimi niliyekuwa nimeandika hakuna mali ya watu nilikifuata kidole chake kwa macho.

"Lakini mkutanoni mlisema ni ya serikali," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya kulalamika, naikumbuka.

"Ardhi. Uliuliza ardhi. Wazee walisema ya Mungu, sasa tumefundishwa ya serikali. Miti hukuuliza."

"Mbona hamkusema?"

"Tulijua utarudi kuuliza. Ardhi na miti havizungumzwi siku moja. Hata mtu akifa, siku ya kusema ardhi ni nyingine na siku ya kusema minazi ni nyingine. Kwenu mnachanganya?"

Kwetu tunachanganya. Nilikolelewa, ukisema shamba la fulani umesema kila kitu kilichomo, na likiachwa limeachwa lote. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuachana na ardhi akabaki na mti. Wao nao hawakuwahi kufikiri kwamba kuna afisa, amesoma mpaka chuo kikuu, asiyejua jambo hilo. Kwa hiyo wao waliningoja nirudi, na mimi nilikwenda zangu kupiga ripoti chapa.

Utaratibu wa serikali, cha ajabu, ulikuwa upande wao. Ardhi ni ya umma, lakini mti uliopandwa na mtu hulipwa fidia kabla haujaguswa, na mwenyewe hupewa muda avune. Ila fidia huanzia kwenye ripoti. Ripoti ikisema hakuna mali ya watu, hakuna wa kumwuliza, na shoka halina sababu ya kusubiri msimu uishe.

Jumatatu asubuhi nikaingia kwa mkuu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi ya kwanza njia nzima, na ilipofika mdomoni ikatoka nusu.

"Ile miti, mzee. Ina wenyewe."

Hakuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Wenyewe."

"Kwa hiyo uliandika uongo?"

"Nilikosea."

"Ulikosea," alisema, sasa akinitazama, "au umeshauriwa?"

Siku zile swali hilo lilikuwa zito. Mtu aliyeshauriwa alikuwa na washauri, na washauri walitafutwa. Nikasema hapana, mzee, nilikwenda mwenyewe. Akatazama jalada lililokuwa wazi mbele yake.

"Nisikilize," alisema. "Mtaalamu wa kuchora uwanja anafika wiki ijayo. Tukiandika kuna miti ya watu, itabidi wathamini waje. Wathamini wakija, msimu mzima umepita. Msimu ukipita, mradi unapelekwa kwingine. Je, wale wanawake wanaouza machungwa pale uwanjani utawaambia nini? Wao si watu?"

Akafunga jalada.

"Nakupa mpaka Alhamisi jioni. Ukitaka kubadilisha, niletee ushahidi, usiniletee huruma. Na ujue barua yako ya kuthibitishwa kazini iko hapa hapa mezani, haijasainiwa."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema kwa ukali.

Jumatatu ile na Jumanne yake sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilifikiri. Nikafikiri kwamba mkuu ana haki, maana wauza machungwa ni wengi kuliko wenye mikorosho. Halafu nikafikiri kwamba sikuwa nimewahesabu, kwa hiyo sijui kama ni wengi. Halafu nikawaza kwamba pengine wauza machungwa ndio hao hao wenye mikorosho. Nikafikiri ninapinga gofu kwa sababu ya insha yangu ya chuo na mama yule nimemfanya kisingizio tu. Nikafikiri, kinyume chake, kwamba naogopa kupinga ili nisionekane napinga kwa sababu ya insha. Nikamfikiria baba yangu Tabora, ambaye alikuwa ameuza ng'ombe ili nisome, na jinsi atakavyowaeleza majirani kwamba mwanawe amerudi. Mpiga chapa wetu, dada mmoja mpole aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi, aliniuliza kama nina homa. Nikasema labda. Akasema, "Homa yako ina kurasa sita, kaka. Mimi ndiye niliyeipiga."

Jumanne kabla ya kufunga ofisi nikamwendea mpimaji. Ofisini kulikuwa na rangi nyekundu ya mafuta ya kuandika namba kwenye miti inayosubiri fidia. Mti ukishawekwa namba ya serikali, hakuna mtu, hata mkuu, angeweza kusema haukuonekana. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye.

"Naomba kopo la rangi," nikasema.

Aliacha kuchonga penseli. "La nini?"

"La mahame."

"Msomi, umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Kopo likitoka stoo lazima liandikwe kwenye daftari."

"Liandike kwa jina langu."

"Na brashi?"

"Na brashi."

Akafungua daftari, akaandika taratibu, akaligeuza nisaini. "Hapo chini," alisema, "ongeza kwamba nilikushauri usiende." Nikaandika. Akasoma, akatikisa kichwa, akaenda kufungua stoo. Aliponipa kopo akasema, akitazama pembeni, "Andika namba upande wa barabara, wathamini hawapendi kuzunguka. Na usipake juu ya gome linalobanduka."

Gari la ofisi nisingeliomba. Jumatano alfajiri nilipanda lori la mchanga lililotoka Ruvu kupeleka mzigo uwanjani, nikakaa juu ya mchanga na kopo katikati ya magoti. Mchanga ule ulikuwa wa shimo la kumi lenyewe. Dereva alinishusha kwenye baraza la wageni, ambalo siku ya katikati ya wiki lilikuwa tupu, nikatembea mpaka kijiji kipya kumwomba mwenyekiti anipe watu. Alisoma uso wangu kwanza, kisha fomu.

"Leo unauliza miti," alisema.

"Leo nauliza miti."

"Tulikuwa tunasema umechelewa."

Walikuja karibu wote, hata yule bibi asiyeona, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Kazi ikaenda kwa desturi yao: mwenye mti hasemi, anasimama tu karibu na shina, na jirani wa upande wa pili ndiye anayetaja huu ni wa nani. Mimi naandika jina na kupaka namba. Mara moja tu mambo yakakwama. Ndugu wawili, kaka na dada, walisimama kwenye mkorosho mmoja, jirani akakataa kutaja, watu wakaanza kupandisha sauti. Nikaona siku inaniponyoka. Mtani wangu akapita katikati yao. "Gombaneni Ijumaa," alisema. "Ijumaa karatasi ya huyu itakuwa imeondoka. Leo mwandikeni wote wawili." Nikawaandika wote wawili.

Zamu yake ilipofika alisimama kwenye mkorosho wenye kitambaa chekundu, jirani akamtaja. Nikapaka namba. Rangi ilitiririka kidogo kwenye gome, nikaifuta kwa kidole.

"Kwa hiyo sasa hautakatwa?" aliuliza.

Nilitamani kusema hautakatwa. "Unaweza kukatwa, mama. Lakini hawataukata bila kukuuliza, wala kabla hujalipwa."

Alifikiri. "Hilo ni dogo."

"Ni dogo," nikasema. "Ndilo ninaloliweza."

"Haya. Babu zako nao walibeba walichoweza." Hakucheka aliposema hivyo. Akaenda mti wa pili, akasimama.

Nilirudi Kibaha jua limeshazama, nikiwa na mikono myekundu ambayo mafuta ya taa hayakuisafisha yote. Alhamisi asubuhi nilimwomba mpiga chapa asipige ukurasa upya. Nilichukua ule ule, nikaweka mstari mmoja juu ya sentensi yangu, mstari mwembamba ili maneno yabaki yakisomeka, nikaandika juu yake kwa mkono: eneo lina miti ya watu, orodha imeambatanishwa. Nikabana orodha nyuma. Nilikagua majina mara tatu. Mara ya nne nikajizuia.

Mkuu alisoma kila kitu, orodha nzima, jina kwa jina, nami nimesimama. Nje mtu alikuwa akiwasha pikipiki ikakataa kuwaka. Alipofika ukurasa wa mwisho alirudi kwenye ule uliokatwa, akaukazia macho.

"Unajua hii inachelewesha mradi."

"Najua, mzee."

"Na unajua nikiulizwa Dar sitasema ofisi. Nitasema jina lako."

"Najua."

Alisukuma ripoti upande wangu wa meza, akaweka kalamu yake juu. "Basi weka saini kwenye badiliko. Hapa, na hapa kwenye orodha. Sitaki mtu aseme ni mimi niliyeandika."

Saini ya kwanza ikatoka kama ya mtu mwingine. Ya pili niliiandika polepole, herufi kwa herufi, mpaka ikawa yangu.